Kadi za silabi: boksi zima halina "ba" ya pili

Nimezitumia muhula mzima na watoto wa darasa la awali hapa Dodoma mjini. Boksi nililinunua steshenari kwa shilingi 8,000. Ndani mna kadi 95: irabu 5 na silabi 90 za konsonanti 18, ba hadi zu. Kwangu zinaishinda chati ya ukutani, maana mtoto anazishika, anapanga, anavuruga, anapanga tena.

Ila kila silabi imechapwa mara moja tu. Sasa jaribu kuunda baba, mama, dada, kaka, bibi, kuku. Haiwezekani! Maneno anayoyajua mtoto kabla ya yote ndiyo yanayokataa. Muuzaji alinishauri ninunue boksi la pili. Si lazima: karatasi ngumu moja ya manila inatosha. Kata vipande vya ukubwa uleule, andika pacha za ba, ma, da, ka, ta, to, bi, ku na pi.

Hakuna pia kadi ya "m" peke yake, kwa hiyo mti, mtu na mtoto haviundiki. Itengeneze, lakini kuna mtego hapo. Mbuzi na mbuyu huanza kwa herufi zilezile, ila ukipiga kofi moja kwa kila silabi, mbuzi ni makofi mawili, mbu-zi, na mbuyu ni matatu, m-bu-yu. Mtoto apige makofi kwanza, ndipo achague kadi. Mbuyu ataupata kwa m, bu, yu. Mbuzi asubiri hadi mfike mba, nda, nga, ambazo boksi halina kabisa.

Karatasi ya maelekezo inasema k iitwe "ka". Msiifuate. Mtoto aliyezoea hivyo ukimwambia aandike kaka anakuandikia "kk", na kwa hesabu yake yuko sahihi. Mpe sauti fupi ya k, kisha aiunganishe na a.

Mpangilio wa boksi nao ni wa alfabeti, b ikifuatwa na d, mwanzo wa kuzichanganya. Mimi huanza na irabu, kisha m, k, t, b. D huja b ikishakaa sawasawa. Vivyo hivyo l na r nazitenganisha, halafu nazipambanisha kwa kalamu na karamu.

Chora mstari wa kalamu ya maka chini ya kila kadi. Bila mstari, p ikipinduliwa ni d, na u ni n.

Picha zimechapwa upande uleule wa silabi. Kwenye "za" kuna zabibu, na mtoto wa Dodoma anaitaja kabla hajatazama herufi. Kwenye "fa" kuna farasi, wanasoma "punda". Ziba picha kwa kidole, au mpe "kemu" na "tubi", maneno yasiyo na maana: anayesoma kweli atayasoma, aliyekariri atakutazama usoni.

Nyota 3 kati ya 5. Zipelekeni kulaminesha kabla ya kuanza. Zangu zilikunjika pembe wiki ya pili.