Altrasaundi ya ini Kariakoo: picha safi, ushauri nusu

Nimempeleka baba kupima ini kwenye kituo kimoja binafsi hapa Kariakoo. Bei elfu thelathini, majibu unaondoka nayo. Walitupigia siku moja kabla kutukumbusha aje na njaa, saa sita bila kula, kwa hiyo hatukurudishwa.

Mpimaji wao anaijua kazi. Alimgeuzia baba skrini: "Mzee, hili ini, na hii hapa pembeni ni figo. Ini likiwa zima, rangi zao zinakaribiana. La kwako limeng'aa, hayo ni mafuta." Baba pombe hajawahi kuonja, akashtuka. Akaelezwa bila haraka kwamba kitambi na kisukari vinatosha kulijaza ini mafuta. Hapo nawapa nyota zote.

Nilichukia kwa daktari wa kusoma majibu. Kaandika dawa ya "kusafisha ini", elfu arobaini na tano, inauzwa dirishani kwao. Presha hakupima. Nikamuuliza, na moyo je, daktari? Akasema tumekuja kwa ajili ya ini.

Jamani, kinachoongoza kuua watu wenye mafuta kwenye ini ni maradhi ya moyo na mishipa, ini lenyewe linafuata nyuma. Ini likishajaa humwaga mafuta zaidi kwenye damu, insulini inashindwa kazi, mishipa inachokozwa ndani kwa ndani, na ile inayoulisha moyo inaziba taratibu mtu akiwa hahisi chochote. Unampaje mzee wa miaka 58 majibu ya namna hiyo bila hata kumfunga mkono kipimo cha presha? Na hiyo ya kusafisha haisafishi kitu. Kinachosaidia ini ni kupunguza uzito, asilimia 7 hadi 10 ukiweza.

Dawa yao tuliiacha. Tulikwenda hospitali nyingine: presha 160 kwa 98, kolesteroli juu. Ameanza tiba ya vyote viwili. Majirani walimtisha kwamba vidonge vya kolesteroli vitammalizia ini. Daktari wa huko akamtoa hofu, mafuta kwenye ini hayamzuii kuvitumia, na moyo wake unavihitaji.

Kwa picha, nendeni pale. Mkishaipata, daini presha, sukari na kolesteroli palepale, na wakikataa mkapime kwingine wiki hiyohiyo.