Uzoefu Wangu na Kisanduku cha Kuwazoesha Samaki Wapya katika Tangi la Maji ya Chumvi

Nilinunua kisanduku hiki cha akriliki (plastiki ngumu inayoona kama kioo) kwa ajili ya samaki mmoja tu. Katika tangi langu la lita 600 hivi, kangaja wa manjano (Zebrasoma flavescens) alikuwa ameishi miaka mitatu bila kumwona mwenzake wa jamii yake, akawa anahesabu kila jiwe na kila pembe kuwa milki yake. Nilipomwongeza kwa mara ya kwanza kangaja wa zambarau (Zebrasoma xanthurum), anayefanana naye kwa umbo na kwa chakula, mwenyeji alimgeuzia ubavu na kumchapa kwa ule mwiba mkali kama wembe ulio kwenye shina la mkia, hata nikalazimika kumwokoa mgeni kabla ya saa moja kwisha, mapezi yakiwa yamechanika.

Kisanduku chenyewe kina urefu wa sentimita 30, kinapitisha maji kwa matundu madogo, na hushikizwa ndani ya kioo cha tangi kwa sumaku. Mgeni hukaa humo huku mwenyeji akimwona na kumzunguka bila kumfikia. Kabla ya kumtia humo nilimweka kangaja wa zambarau wiki nne katika tangi la karantini, alikopona mapezi, na hapa nina lawama: maelezo ya muuzaji hayasemi kwamba kisanduku si karantini. Maji ni yaleyale, na vimelea vya ugonjwa wa madoa meupe (Cryptocaryon irritans) hupita kwenye matundu bila shida yoyote.

Siku ya kwanza nilikaa na saa mkononi, nikahesabu mwenyeji akikipiga kisanduku mara 41 katika dakika kumi. Siku ya nne alikipiga mara tisa. Nadhani kilichosaidia zaidi ni kubandika mwani wao karibu kabisa na ukuta wa kisanduku, mmoja akila nje na mwingine ndani, kwa kuwa ugomvi wa kangaja kwa sehemu kubwa ni ugomvi wa malisho. Kufikia siku ya saba alikuwa akipita pale kama anayepita mbele ya jiwe.

Jioni ya siku ya nane nilihamisha mawe ya upande aliozoea kulala mwenyeji, ili naye aamke ugenini, nikazima taa, kisha nikafungua mfuniko. Asubuhi walitunishiana mapezi na kufukuzana, lakini sikuona jeraha, na baada ya siku tatu walikuwa wakichunga mwani pamoja.

Kwa samaki wangu mwingine, kifuu mweusi mwenye madoa meupe (Dascyllus trimaculatus), kisanduku hakikufua dafu. Nilimtia humo samaki mdogo mpole kwa siku kumi na mbili, na kila asubuhi kifuu alianza upya kana kwamba hajawahi kumwona. Samaki huyu huuzwa angali mdogo na wa kupendeza, kisha hukua na kulinda tundu lake dhidi ya yeyote, awe anafanana naye au la, hata mkono wa mwenye tangi. Hasira ya namna hiyo haichoshwi kwa kungoja, na anayenunua kisanduku kwa ajili ya kifuu mzima atapoteza fedha yake.

Zipo kasoro nyingine. Sumaku ni dhaifu kwa kioo cha milimita 12. Usiku wa pili kisanduku kiliteleza hadi mchangani, na ni bahati tu kwamba kilitua wima mfuniko ukiwa umefungwa. Mabaki ya chakula hujikusanya chini, hivyo kila siku nilikuwa nikiyafyonza kwa mpira mwembamba. Tena hakimfai samaki anayezidi sentimita kumi, kwa sababu hataweza kugeuka.

Hata hivyo ni kisanduku hikihiki kilichonitolea yule kifuu bila kubomoa mawe. Nilikiegemeza karibu na tundu lake mlango ukiwa wazi, nikafunga uzi kwenye mlango na kutia uduvi ndani. Siku tatu za mwanzo aliyenaswa ni kangaja wa manjano, tena kwa hiari yake. Siku ya nne kifuu aliingia kumfukuza, nikavuta uzi, nikawatoa wote wawili na kumrudisha mmoja.