Kebabu za Kiajemi hapa Mbeya: agizeni ya kusaga, kuku mwacheni

Kama mmezoea mishkaki ya Mwanjelwa, huu mgahawa wa Kiajemi uliofunguliwa upande wa Forest utawachanganya kidogo. Kebabu yao kuu, koobideh, ni ya nyama ya kusaga, haina unga wala yai. Nilisogea jikoni nikaangalia. Kitunguu kinakunwa, kinakamuliwa maji yote, kinatiwa kwenye nyama yenye mafuta, kisha inakandwa mpaka inanata. Inabandikwa kwenye chuma bapa, na mpishi anaibonyeza kwa vidole toka juu hadi chini. Zile alama mtazikuta sahanini. Jiko halina wavu. Vyuma vinalazwa ukingo kwa ukingo juu ya mkaa, na mwanzoni vinageuzwa harakaharaka, la sivyo nyama inadondoka motoni.

Inakuja na nyanya iliyochomwa mpaka ngozi ikapasuka, kitunguu kibichi, na kibakuli cha sumac, kiungo cha unga mchachu wa rangi ya damu ya mzee. Nyunyizeni bila woga, ndiyo inayokata mafuta. Pilipili hawaweki. Nilipouliza, dada anayehudumia akacheka: "Kaka, kila mtu wa hapa anauliza hivyohivyo." Akaleta ya chupa.

Wali ni wa basmati. Nikalalamika, Kyela si iko hapo chini tu? Mpishi akasema mchele wao unachemshwa, unamwagwa maji, halafu unaivishwa taratibu kwa mvuke na siagi, na wa Kyela ungeshikana. Haya, lakini ile harufu bado naidai. Juu wanamwagia zafarani iliyosagwa na kulowekwa. Iran ndiyo inayolima nyingi kuliko nchi zote, na bado bei yake haishikiki. Ukoko unauzwa peke yake, sh 3,000. Nyumbani tuligombea wa bure, ila huu wa siagi, mkavu na wa rangi ya dhahabu, nalipa.

Kuku wa zafarani na ndimu mruke. Nilipewa kidari cha broila kilichokauka. Doogh ni mtindi uliopunguzwa kwa maji, ukatiwa chumvi na nanaa. Mtu wa mtindi na sukari atakunja uso, mimi niliongeza glasi ya pili.

Sahani ya koobideh ni sh 18,000 na inashibisha. Jumamosi jioni mtasubiri karibu saa nzima, na dirisha la upande wa barabara halifungi vizuri, kwa hiyo Julai hii wahini meza zilizo karibu na jiko.