Kitunguu cha kiangazi Mtwara na Lindi: ununue nini kwanza kukikinga

Ikifika Juni, maduka ya pembejeo ya Mtwara, Masasi na Lindi yanageuka kuwa maduka ya korosho. Salfa iko mbele, dawa ya mbu wa mikorosho inafuata, mashine za kupulizia zimepangwa barazani. Mwenye bustani ya vitunguu bonde la Lukuledi au Kitere akiingia kuulizia dawa, mara nyingi anatoka na kile kile anachonunua jirani yake mwenye mikorosho. Mwongozo huu ni wake: mtu wa robo ekari hadi ekari moja, pesa inaingia kidogo kidogo, na majani ya vitunguu yameanza kung'aa kama bati jipya.

Mng'ao huo ni kazi ya vithiripi, wadudu wembamba wenye urefu wa milimita 1 hivi, wanaokwangua jani na kufyonza maji yake. Joto na ukavu ndivyo vinavyowanenepesha, na upepo wa kusi unaokausha udongo wetu wa kichanga unawarahisishia kazi. Kwenye joto kizazi kimoja hukamilika kwa wiki mbili hadi tatu. Mayai yamo ndani ya jani, watoto wamejibana shingoni, na hatua ya bundo, yaani pale mdogo anapogeuka kuwa mkubwa, hupitia kwenye udongo. Kwa hiyo hakuna chupa inayowamaliza wote kwa siku moja, hata muuzaji aseme nini. Orodha hii nimeipanga kwa namna ambavyo ningenunua mimi, na dawa ya dukani imekuja ya tatu.

1. Bomba la mgongoni lenye pua nzuri

Jani la kitunguu limesimama, ni la mviringo na lina nta. Matone makubwa yanateleza na kuishia chini. Dawa ya bei mbaya iliyopigwa kwa pua iliyotanuka ni pesa iliyomwagwa kwenye mchanga, ndiyo maana bomba naliweka mbele ya dawa.

Chukua la lita 16 la kusukuma kwa mkono. La betri linatoa mgandamizo ulio sawa muda wote na halichoshi mkono, lakini kama umeme shambani hakuna na fundi wa karibu yuko mjini, la mkono ndilo litakalokufikisha msimu wa tatu. Dukani, mwambie muuzaji atie maji safi na alisukume mbele yako. Angalia kama linavuja kwenye kifuniko, mpini na maungio ya mpira. Uliza kama washa (vile vipete vya mpira) na valvu zake zinauzwa hapo hapo. Bomba lisilo na vipuri ni ndoo tu. Pua iwe ile inayotoa ukungu wa mviringo. Ile inayotoa upepeo bapa ni ya dawa ya magugu, na bomba la magugu libaki la magugu, kwani mabaki kidogo tu yanaweza kuunguza bustani nzima.

Nunua pia kigandishi, yaani kile kimiminika kinachofanya dawa ishike kwenye nta ya jani. Watu wanakiruka kwa sababu hakiui mdudu. Lakini bila hicho kinachoua hakifiki.

Mashine ya injini ya mikorosho iache kwenye mikorosho. Imetengenezwa kurusha dawa juu mtini. Kwenye matuta ya vitunguu sehemu kubwa inaishia kwa jirani.

2. Matandazo, na kivuli cha kitalu

Hapa kwetu hii ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote, na karibu yote haitoki dukani. Majani makavu ya mpunga, ambayo ukiwa Kitere au bonde lolote la mpunga unayapata kwa kuomba na kukodi mkokoteni, yatandazwe katikati ya mistari. Udongo unabaki na unyevu, mmea hauteseki na jua la saa saba, na vithiripi hupungua kwenye bustani iliyotandazwa. Kagua kwanza yasiwe na mbegu za magugu.

Kitalu kinataka kivuli chepesi wiki za mwanzo. Neti ya kivuli ya asilimia 50 ni nzuri na inadumu, lakini makuti yaliyowekwa juu ya kichanja yanatosha, mradi uyapunguze kadiri miche inavyokua. Kivuli kizito na maji mengi vinaleta kinyausi, na miche italala yote ndani ya siku chache. Chandarua cha malaria kisiguswe. Mbali ya kwamba ni cha kulalia, matundu yake kithiripi anapita bila kuinama.

3. Spinosadi, chupa ndogo

Kwa vithiripi hii ndiyo dawa ya dukani ninayoiweka mbele. Imetokana na bakteria wa udongoni, na haiwafyeki wadudu rafiki kama zinavyofanya dawa nyingi za zamani. Bei yake inauma. Basi usipige kwa kalenda: tanua shingo za miche kadhaa sehemu mbalimbali za bustani, uhesabu. Wakifika wastani wa 3 kwa jani, piga. Ukishapiga mara mbili, hamia kwenye dawa ya kundi jingine, mfano abamektini, ili wasijenge usugu. Soma jina la kiambato, usisome jina la biashara tu: chupa mbili za rangi tofauti zinaweza kuwa na kitu kile kile ndani.

Piga jioni kusi likitulia. Kuna sababu nyingine ya jioni: miezi hiyo mikorosho inachanua, na spinosadi ikiwa bado mbichi inaua nyuki.

4. Mwarobaini

Pwani yetu imejaa miti hii, na bado watu wanauliza dawa yake inauzwa wapi. Twanga mbegu kavu, gramu 50 kwa kila lita 1 ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo. Bomba la lita 16 linataka gramu 800. Jua linaivunja nguvu haraka, kwa hiyo nayo ni ya jioni, na irudiwe kila wiki. Inazuia kuongezeka, bustani iliyokwisha kuvamiwa haitaiokoa. Kwa mwenye matuta machache nyuma ya nyumba ningeipandisha hadi nafasi ya pili.

5. Mankozebu

Hii ni ya ukungu, hasa ule wa madoa ya zambarau unaopenda joto letu pamoja na unyevu. Inakinga jani lenye afya, haiponyi jani lililooza, hivyo hupigwa umande ukiwa mwingi au mvua zikichelewa kukatika. Mchanganyiko wenye metalaksili ni wa bei zaidi na unalenga ubwiri unyoya, ugonjwa wa sehemu za baridi. Huko nyanda za juu una maana. Lindi mjini sioni sababu.

6. Mipira ya matone

Inaokoa maji na kuacha majani makavu, jambo linalopunguza madoa ya zambarau. Imeshuka hadi hapa kwa sababu ya gharama na kwa sababu ya chumvi. Visima vya karibu na bahari vingi vina chumvi, na kitunguu ni chepesi kudhurika: mavuno huanza kushuka chumvi ya udongo ikipita desisimensi 1.2 kwa mita (ndicho kipimo cha chumvi), wakati nyanya huvumilia hadi 2.5. Pima maji kabla ya kununua mpira hata mita moja.

Vya kuacha

Salfa ya mikorosho inafanya kazi kwenye ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga. Madoa ya zambarau si ubwiri unga, na salfa kwenye jua kali inaunguza majani. Dawa ya mbu wa mikorosho, nyingi zikiwa na lamda-sihalothrini, huua wadudu rafiki, na vithiripi wa sehemu nyingi duniani wameizoea. Kuichanganya na profenofosi, dawa nyingine ya wadudu, ndani ya bomba moja "ili ikolee" kunaongeza sumu kwako wewe unayepulizia.

Mbegu za kitunguu saumu nazo ziache. Kinahitaji baridi ili kifunge vichwa, ndiyo maana kinatoka Mbulu na Njombe. Kwenye joto la pwani utavuna majani, na hakuna dawa ya hilo. Kwa kitunguu maji, Red Creole na Bombay Red zinafunga vichwa kwa urefu wa siku zetu. Texas Grano haikai ghalani.

Kabla ya kulipa, tafuta kwenye lebo namba ya usajili ya TPHPA (mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu), maelezo ya Kiswahili, tarehe ya mwisho wa matumizi na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mkanda wa rangi chini ya lebo unaeleza ukali: nyekundu ndiyo kali kabisa, kisha njano, bluu na kijani. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa usiichukue hata kwa nusu bei. Dai risiti, na pesa ikibaki nunua glovu na barakoa hapo hapo.