Avoka wa kesi za biashara hapa Lubumbashi, feza yake inafaa?

Watu wa soko wananiuliza kila siku juu ya ile kabine ya avoka nilienda nayo tribunali, basi niandike mara moja tuishe. Mi nauzisha simenti na mabati kule komine Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Depo moja ya jumla, jina naacha, ilikula avansi yangu, ikaleta nusu ya mifuko, halafu ikaniambia ile ingine nitapata siku nitaacha kuuzisha marki ya wengine. Nikawaka! Nilikuwa nimesikia kama kuko sheria ya ushindani, njo nikapanda ile gorofa ya kabine ku mujini (lifti hakuna) nikisema nataka kushitaki monopole, ni kusema depo moja kushika soko peke yake.

Maitre, ni kusema avoka mwenyewe, ni mama, hacheki-cheki. Hakuanza na sheria, aliomba makaratasi, bordero za kupokea mali, risiti, RCCM (karatasi ya kuandikisha biashara), hata meseji za WhatsApp, akapanga vyote juu ya meza kwa tarehe, akafika ku bordero moja yenye haina sinyatire (sahihi) ya depo akaigeuza uso chini, kisha akasema: “Papa, hapa kuko mambo mbili, kasirani yako na feza yako. Kukukataza marki ingine, ile inaingia mu sheria ya 2018 ya uhuru wa bei na ushindani, lakini utaenda mpaka ku komisheni ya ushindani kule Kinshasa na utapaswa kuonyesha soko lote, nani anauzisha ngapi, depo iko na nguvu gani, na izo karatasi mi na weye hatuna. Za avansi uko nazo.” Avoka mwingine angenikubalia monopole na kuniomba provizio (avansi ya avoka) siku ile ile, kwa hiyo hapo tu nilimpa nyota zote.

Akaniuliza pia kama kuko mifuko ilifika imeganda. Ilikuwako, na foto nilituma kwa depo ile wiki ile. Akafurahi, maana tangu Kongo iingie OHADA (umoja wa inchi za Afrika wa sheria za biashara) mu 2012 tunafuata sheria ya biashara moja na Kamerun ao Senegali, na ile inakupa mwezi 1 tu tangu upokee mali kwa kulalamika kasoro yenye inaonekana na macho. Wangapi kati yetu wanajua hiyo? Tunanyamaza tukingoja depo ikuwe na huruma.

Wisiye, mtu wa kupeleka barua za sheria, akapeleka barua, depo ikanyamaza, tukaingia tribunali ya biashara. Pale usiogope sana, kando ya jaji mwenye kazi yake ni ujaji wanakaa wafanyabiashara kama sisi, sheria ya 2001 njo iliweka vile, wanajua mufuko wa simenti ni bei gani. Avoka wa depo akaomba waahirishe, akaomba tena, kisha wakaanza kulipa mbele hata hukumu itoke. Walilipa kwa mafungu mbili, na mifuko ya kuganda waliihesabu pia.

Sasa mabaya. Siku ya odiansi, ya kesi kusikilizwa, nilimukuta stajere (avoka mwenye bado anajifunza) peke yake. Najua kila avoka anapita miaka 2 ya staji mbele jina liingie ku tablo, liste ya avoka kamili, na kijana dosie alikuwa anaijua, lakini anaongea chini-chini mpaka jaji anamwambia arudilie, na mi nililipa kwa ajili ya maitre. Maitre mwenyewe alikuwa na kesi za sutretansi ya mine (kazi zenye kampani za mine zinapatia kampani zingine), tangu ile sheria ya 2017 ya kuachia Wakongomani kazi hiyo njo wateja wake wakubwa, na simu yako haiwezi kushinda ya watu wa mine. Barua zote ni Kifaransa cha juu, omba wakuelezee mbele utie sinyatire.

Kama deni ni ya mifuko kidogo tu, maliza na chef wa katie (mkubwa wa mtaa), hapa utakula hasara. Na uulize bei ya wisiye siku ya kwanza, ile haiko ndani ya pesa ya avoka.