TAHADHARI: Anayeuza "fulu seti ya wawili" kwa wanaoenda kambi na pikipiki

Wadau wa pikipiki, hasa nyie mnaojiandaa kwenda kupiga kambi na wenza wenu, kuna muuzaji anazunguka mtandaoni na tangazo la "fulu seti ya wawili", yaani helmeti mbili, matairi ya pikipiki mbili, mabegi ya pembeni, hema na jiko la gesi, vyote kwa bei moja ya jumla. Msimtumie hela. Jina la akaunti silitaji kwa sababu analibadilisha kila akishawaliza watu, leo ana jina la kike kesho la duka, kwa hiyo shikeni tabia yake na mzigo wake.

Anavyoingia ni hivi, anawavizia watu wanaouliza maswali ya safari, ukikomenti tu kwamba wewe na mwenzako mnatafuta vifaa anakuja inboksi, mpole, pikipiki anazijua vizuri, anauliza tairi zenu saizi gani, mnabeba uzito gani, mnapita vumbi au lami, mpaka mnamwona mtu wa fani. Baadaye kidogo kuna mteja mwingine eti anaisubiri seti hiyohiyo, ila nyie mkilipa moja kwa moja nje ya mfumo anawapunguzia, na muamala muuandike kama mnamtumia rafiki. Hapo ndo mtego ulipo, malipo ya rafiki kwa rafiki kwa kawaida hayana ulinzi wa mnunuzi, ukilalamika unaambiwa ulituma kwa hiari yako. Mume wangu alimwomba apige video aonyeshe ubavu wa tairi na lebo za helmeti, akajibu yuko stoo mtandao unasumbua, akatuma picha. Picha safi kabisa, lakini vilivyokuja ni vitu vingine.

Helmeti ndo zimeniuma kuliko vyote. Helmeti iliyopasishwa kwa kanuni ya ECE 22, ile kanuni ya usalama wa helmeti inayotumika Ulaya, ina lebo imeshonwa kwenye kamba ya kidevu, ina herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyotoa kibali, E1 ni Ujerumani, E3 Italia, halafu namba ya kibali inayoanza na 05 au 06 kulingana na toleo, na mwishoni namba ya uzalishaji ambayo kila helmeti ina yake. Za kwetu lebo ilikuwa imebandikwa kwa gundi, nimeivuta kwa ukucha ikatoka nzima, na helmeti zote mbili, saizi tofauti modeli tofauti, zina namba ileile mpaka tarakimu ya mwisho! Nyuma kuna stika ya DOT, alama ya usalama ya Marekani, lakini tupu, herufi tatu basi, wakati tangu 2013 stika ya DOT inatakiwa iwe pia na jina la mtengenezaji, modeli, neno CERTIFIED na FMVSS No. 218, yaani namba ya kanuni ya Marekani ya helmeti. Nikavua kitambaa cha ndani. Lile povu gumu linalotakiwa kupondeka likinywa pigo badala ya kichwa chako, ambalo kwa helmeti nzuri huwa kama sentimita 2.5, halikuwepo, kulikuwa na sponji laini ya kubonyea kwa kidole. Huyu mtu alishajua tunaenda kuvaa hizo helmeti mbali na hospitali, sisi wenyewe tulimweleza njia tunayopita, na bado akazifunga akatuma.

Matairi nayo. Alisema mapya ya mwaka huu. Tarehe ya tairi ipo kwenye ubavu, tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT, mbili za kwanza ni wiki mbili za mwisho ni mwaka, na mara nyingi imeandikwa kamili upande mmoja tu kwa hiyo geuza tairi utafute. Moja lilikuwa na 1411, maana yake wiki ya 14 ya 2011, na jingine sehemu hiyo imesagwa halafu ikapakwa dawa nyeusi ya kung'arisha, ukipitisha kidole unasikia shimo. Inawezekana kweli hayajawahi kugusa barabara, ila mpira unazeeka hata ukiwa stoo, unakuwa mgumu, ukilikunja kidogo unaona nyufa nyembamba chini ya kashata. Na la nyuma tuliagiza lenye namba ya mzigo 62, hilo linabeba hadi kilo 265, likaja la 54 ambalo mwisho wake kilo 212, sasa weka mtu, mabegi, hema na maji uone.

Mabegi "yasiyopitisha maji" yameshonwa kwa uzi wa kawaida bila kuzibwa mishono, tukayamwagia maji kwa mpira yakalowa ndani. Hema ni la kuchezea watoto bustanini.

Mitungi ya gesi ile midogo ya kufunga kwenye jiko ni hatari, msiiwashe. Ni mitupu iliyojazwa upya, imepakwa rangi juu ya kutu, na mmoja tuliupima ukazidi uzito ulioandikwa. Ile ya kutumia mara moja haikutengenezwa kujazwa tena, na ikijazwa kupita kiasi gesi iliyo kwenye hali ya maji ikipata joto haina pa kutanukia, na wewe umeuweka kwenye begi juani karibu na ekzosi.

Tulipolalamika akasema tumebadilisha vitu, halafu akasema turudishe kwa gharama zetu, kampuni ya usafirishaji ikatuambia anwani haipo, halafu katublok na meseji zake zikafutika. Skrini shoti tulikuwa nazo, tumepeleka benki na polisi.

Tangazo limerudi tena kwa akaunti mpya. Picha zake nyingi zimepigwa juu ya turubai la bluu lenye kiraka cheusi kona moja, mkiliona hilo ndo yeye. Mliokwisha nunua, pigeni picha lebo na ubavu wa matairi sasa hivi, hifadhini meseji kabla hajazifuta, na kama tairi mmeshafunga mwambieni fundi azitoe kabla hamjapakia mizigo.