Betri kavu kwenye IST ya Dar: mwaka wa tatu huu na bado inapiga stata

Nianze na jibu, maana najua wengi mnatafuta hilo tu. Betri kavu ya Kikorea (ile iliyofungwa, huiongezi maji), saizi 46B24L, niliyofunga kwenye Toyota IST yangu imeingia mwaka wa tatu, na asubuhi gari linawaka kwa stata moja. Kwa Dar es Salaam hiyo ni kazi nzuri. Wanaosema betri lazima ikae miaka mitano wanasoma habari za nchi za baridi, au wanaishi kwenye baridi ya Makambako. Huku kwetu pwani, betri ya kawaida ikikupa miaka miwili hadi mitatu imeshakulipa.

Kampuni sitaitaja, na si kwa woga. Nembo ile ile niliyofunga mimi, mwenzangu wa kazini aliinunua ikamfia kabla ya mwaka. Yake ilikuwa imelala dukani muda mrefu kabla hajaiona. Kwa hiyo nembo itakusaidia kidogo tu. Yanayoamua ni mengine.

Iliyotangulia ilikuwa betri ya maji, bei chee, na ilianza kusuasua hata waranti ya mwaka haijaisha. Nikairudisha dukani. Muuzaji akachukua kipande cha waya, akagusisha ncha mbili za betri, cheche zikaruka. "Unaona dada? Betri nzima hii. Gari lako ndilo lina shoti." Wateja wengine pale walitikisa vichwa kukubali. Sasa jamani, cheche hazipimi kitu. Hata betri iliyochoka ina umeme wa kurusha cheche nusu sekunde. Kazi ya betri ni kuzungusha stata, ambayo inavuta ampea zaidi ya mia kwa mpigo, na wakati inavuta volti zisiporomoke chini ya 9.6 hivi. Yangu ilikuwa inaonyesha 12.3 imetulia, ukipiga stata inaanguka hadi 8 na kitu, unasikia tik-tik-tik chini ya boneti. Pleti, yale mabamba ya risasi ndani ya betri, zimekwisha. Waranti sikupewa, na duka lile sikurudi.

Basi nikaenda Ilala, safari hii na fundi umeme wangu. Ushauri wangu wa kwanza kwa anayenunua betri: usiulize bei kwanza, uliza tarehe. Kijana wa duka la kwanza aliniambia, "Dada, mpya kabisa, imeingia jana."

"Imeingia dukani jana. Kiwandani imetoka lini?"

Akacheka, akaigeuza. Kampuni nyingi huchapa mwaka na mwezi kwenye kifuniko au ubavuni. Baadhi hutumia herufi kwa miezi, A ikiwa Januari. Ile ilikuwa na umri wa mwaka na zaidi, imekaa kwenye shelfu la bati linalopigwa jua la mchana. Betri hujila yenyewe ikiwa imekaa tu, na joto linaongeza kasi. Ikikaa muda mrefu na chaji ndogo, pleti zinaota ukoko mgumu wa salfeti ambao chaja haiuondoi wote. Unanunua mpya iliyozeeka. Duka la pili walikuwa na za miezi minne, fundi akaweka testa ya volti, ikasoma 12.66. Chini ya 12.4 nisingeichukua hata kwa punguzo.

Saizi nayo ina maneno yake. Gari lilitoka Japani na 34B19L, kadogo. Zile namba zinasomeka: ya mbele ni daraja la nguvu, B ni upana na kimo, 19 ni urefu kwa sentimeta, na L ni upande zilipo ncha. Fundi alishauri 46B24L kwa sababu upana ni ule ule, urefu tu ndio unaongezeka, na kikalio cha betri kwenye gari langu kina nafasi. Ukiongeza ukubwa wa betri kwa kiasi hicho hauharibu kitu. Gari huvuta umeme linaouhitaji, si ule uliopo. Lakini angalia herufi ya mwisho. Ukichukua R badala ya L, waya hazifiki, na ukizilazimisha siku moja zitakatika.

Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawakwambii: kuna 46B24L ya vichwa (zile ncha) vyembamba na kuna ya vichwa vinene, ile wanayoiandika na S kwenye mabano. IST yangu ina vibanio vya waya vya vichwa vyembamba. Fundi wa dukani alitaka kunifungia ya vichwa vinene kwa kuvipanua vibanio na bisibisi. Mtaani utaona na kinyume chake: betri ya vichwa vyembamba, vibanio vikubwa, halafu wanachomeka msumari au kipande cha bati la kopo pembeni ili kibane. Ukifungua boneti ukakuta msumari kwenye betri, acha kutafuta tatizo lingine. Pale ndipo umeme unapopotea, panapata moto, panaota ule unga wa kijani, na siku ya mvua gari linagoma Ubungo katikati ya foleni. Tulisubiri wakaleta ya vichwa vyembamba kutoka stoo. Nililipa laki moja na themanini, thamani ya betri bovu wakaikata kwenye bei.

Matumizi yangu ni Kimara hadi Posta siku za kazi, AC muda wote, simu inachaji, redio inaimba. Watu wanadhani baridi ndiyo adui wa betri. Baridi inafanya betri iwe nzito kupiga stata asubuhi, kweli, lakini kinachoiua ni joto. Hesabu ya wanakemia ni kwamba joto likipanda nyuzi 10 kazi ya kemikali ndani inakaribia kwenda mara mbili, na hiyo ni pamoja na kutu ya pleti na kukauka kwa maji. Januari na Februari hapa Dar nje ni 32, chini ya boneti kwenye foleni ni tanuri. Mjomba wangu yuko Njombe, ana gari dogo kama langu na betri yake ina miaka mitano inakwenda sita. Haijui hata testa ni nini.

Mimi testa ninayo, ya bei ndogo ya Kariakoo, na ndiyo iliyoniondolea kubahatisha. Asubuhi kabla sijawasha, betri ikiwa imelala usiku kucha, nataka kuona 12.5 kwenda juu. 12.6 na kidogo ni chaji kamili, 12.2 ni kama nusu, na 12.0 ina maana unaelekea pabaya. Halafu nawasha gari: iwe kati ya 13.8 na 14.4. Gari likiwa sailensa (injini inazunguka bila kukanyaga mafuta) na AC imewashwa, taa zimewashwa, feni ya redieta inazunguka, yangu inashuka hadi 13.5 hivi. Ndiyo maana kukaa masaa mawili kwenye foleni hakuchaji betri kama watu wanavyoamini. Altaneta, mashine inayozalisha umeme wa gari, inazunguka polepole na karibu yote inayozalisha inaliwa hapo hapo. Ikionyesha 12 na kitu injini ikiwa inanguruma, usikimbilie betri mpya. Angalia mkanda wa altaneta kama umelegea au umepasuka, kisha altaneta yenyewe. Najua watu wamebadilisha betri mbili kwa kosa la mkanda. Na ikivuka 15 ni hatari vilevile, regyuleta (kidhibiti cha volti) imekufa na betri inachemshwa.

Lile jicho la kijani juu ya betri kavu, kidirisha cha kuonyesha chaji, msiliabudu. Ndani ya betri ya volti 12 kuna vyumba sita, na jicho linasoma kimoja tu. Vitano vingine vinaweza kuwa taabani na jicho likakutazama kijani mwanana.

Kilichonisumbua mwaka wa kwanza ni traka. Gari lilinunuliwa kwa mkopo na wakopeshaji walifunga kidude chao cha kufuatilia gari liliko, juu yake kuna alamu, na kila kimoja kinanyonya kidogo gari likiwa limezimwa. Gari zima likivuta miliampea 50, hiyo ni 1.2 Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa) kwa siku. Betri ya Ah 45 ikilala wiki mbili na nusu bila kuwashwa, karibu nusu imekwenda. Kwa hiyo nikienda likizo Moshi kwa basi, mdogo wangu analiwasha na kulizungusha hadi Mbezi na kurudi. Kuliwasha dakika tano pale uwanjani na kulizima hakutoshi. Kinachorudi ni kidogo mno kufidia kilichonyonywa wiki nzima.

Usafi ni kazi ndogo sana. Spana namba 10, fungua hasi kwanza, kisha chanya. Mwaga maji ya moto yenye soda ya kuokea juu ya ule unga, utaona unatoa povu na kuyeyuka. Sugua kwa mswaki wa zamani, kausha, funga chanya kwanza, hasi mwisho, pakaa mafuta ya mgando. Kaza na kile chuma cha kushikilia betri, maana kwa barabara zetu za mitaani, mtikisiko unazimwaga pleti ndani. Mwenye betri ya maji aongeze maji safi ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta, yafunike pleti tu. Maji ya kisima ya Dar yana chumvi, na asidi haiongezwi, kinachopungua ni maji.

Kubusti, yaani kuazima umeme wa gari lingine, nako kuna adabu zake. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa hasi ya gari zima, ncha ya mwisho ya nyeusi ibane kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na cheche moja karibu yake inatosha kuipasua usoni mwako. Wanaobusti mtaani wengi hawajali hilo, na wanaomba buku tano.

Mengine ya gari siyarefushi. Oili nabadilisha kwa kilomita, si kwa rangi. Kwenye redieta naweka kulanti, si maji ya bomba, kwa sababu injini ikichemka hata betri inachemka nayo. Upepo wa tairi nafuata kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si kauli ya kijana wa pancha ambaye kila gari analijaza 40.

Betri bovu msitupe jalalani wala kumwachia mtu wa kuyeyusha risasi nyuma ya nyumba. Mombasa, kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilisumisha watoto na watu wazima kwa risasi. Phyllis Omido alipigania jambo lile hadi akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Irudishe kwa muuzaji, ina bei yake.

Malalamiko yangu kwa betri hii: mshikio wa plastiki ulikatika mara ya kwanza tulipoinyanyua, na kwa kuwa ni kavu, maji yakipungua huna pa kuongezea. Waranti ni ya mwaka mmoja na risiti ina mhuri, hiyo nawapongeza. Nitanunua tena? Ndiyo, ila nitasoma tarehe upya. Kwa sasa asubuhi inasoma 12.5, imeshuka kidogo kutoka mwaka jana. Novemba nitaipeleka kwa fundi mwenye kile kipimo kinachobana kwenye vichwa na kutoa karatasi, na ikionekana imechoka naiuza kabla ya joto la Januari.